Jinsi ya kuimaliza hadithi unayoirekebisha kila siku

Zipo hadithi fupi nyingi za Kiswahili zenye aya tatu za mwanzo zilizopendeza mno, na baada ya hapo hazina kitu. Aya ya kwanza imeandikwa upya hadi mwenyewe ameihifadhi kichwani. Ya pili imesuguliwa ikang'aa. Ya tatu imekatika katikati ya sentensi, na faili limepewa jina "hadithi mwisho kabisa 4". Ukimuuliza mwandishi imefikia wapi, atakujibu kwamba bado anairekebisha.

Mwongozo huu ni wake. Nimewalenga waandishi wa hadithi fupi kwa kuwa ndio ninaosoma kazi zao na kuzihariri, lakini mchoraji, mtunzi wa nyimbo au mtengenezaji wa video anaweza kuufuata akabadili vifaa tu. Sitakushauri upunguze kujali, maana asiyejali haandiki kitu cha maana. Tatizo ninaloliona kwa watu hawa ni jingine: hawana kipimo. Wanataka hadithi iwe "nzuri", na uzuri hauna mpaka ambao ukiufikia utajua umefika.

Mwangalie mtunzi wa shairi la kimapokeo. Kabla hajashika kalamu anajua kwamba tarbia ni mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo una vipande viwili, kila kipande mizani nane, na vina vya kati na vya mwisho lazima vipatane. Akimaliza ubeti anahesabu kwa vidole. Mizani zikitimia, ubeti umekwisha. Zikipungua, anajua zimepungua ngapi na wapi. Anaweza kuuchukia ubeti wake, ila hawezi kubishana na vidole vyake. Mwandishi wa nathari hakuachiwa hesabu kama hiyo na wazee, kwa hiyo inambidi ajitungie yake, na ajitungie mapema.

Hatua ya 1: Andika masharti kabla ya hadithi

Chukua karatasi, orodhesha masharti matano au sita. Yakitimia, hadithi itahesabiwa imekwisha, upende usipende. Sharti linalofaa ni lile ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua bila kukuuliza wewe. "Iguse moyo" haifai, maana hakuna anayeweza kuipima. "Kwenye ukurasa wa kwanza msomaji ajue nani anadaiwa na nani" inafaa.

Tuseme unataka kuandika kisa cha kondakta wa daladala aliyeokota pochi. Karatasi yako inaweza kuwa hivi:

- Maneno 1,800 hadi 2,200.
- Yote yatokee siku moja, kati ya Mbagala na Kariakoo.
- Wenye majina ni wawili tu: kondakta na abiria mmoja.
- Mwenye pochi ajulikane kabla hadithi haijafika nusu.
- Kondakta afanye uamuzi mmoja ambao hawezi kuutengua.
- Rasimu iishe Jumamosi ya tatu. Hadithi iwe mikononi mwa msomaji kabla ya mwezi kwisha.

Ibandike karatasi hiyo mahali unapoandikia. Ukijikuta unaongeza sharti la saba baada ya kuanza, lifute. Hapo ndipo ugonjwa unaporudi kwa mlango wa nyuma.

Kuna watu watakaokwambia kwamba masharti yanaua ubunifu. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya mbao laini za viwandani vilivyokatwa mraba, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Ni vifaa vya bei nafuu vilivyopatikana madukani. Ukubwa wa ubao na aina ya rangi vilimwamulia mambo mengi ambayo mchoraji mwingine angekaa nayo wiki nzima. Alifariki mwaka 1972. Kwa miaka michache tu ya kazi, jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji.

Hatua ya 2: Mchague msomaji mmoja

Usiandikie "wasomaji". Hao hawana uso, na kila ukiwafikiria wanazidi kuwa wakali. Chagua mtu mmoja unayemjua, aliye hai, anayependa hadithi: dada yako, mwalimu wako wa zamani, jirani anayekusimulia tamthilia za televisheni. Andika jina lake juu ya karatasi ya masharti. Kila unaposita kama jambo fulani lielezwe au liachwe, uliza tu kama yeye angelielewa.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake. Mwali mmoja wa pwani ya Lamu ndiye aliyekusudiwa. Hilo halikuuzuia utendi huo kunakiliwa na kusomwa na vizazi vya wanawake ambao mtunzi hakuwahi kuwaona, na leo unafundishwa vyuoni.

Hatua ya 3: Rasimu ya kwanza, mbele kwa mbele

Tenga dakika 30 kila siku, saa ile ile, na uandike bila kurudi juu. Unaruhusiwa kusoma sentensi mbili tu za mwisho za jana ili ushike uzi, basi.

Msusi wa mkeka husuka ukili kwanza, yaani utepe wa kushonea mkeka, mrefu wa kutosha, ndipo akae kuushona. Anayeshona kila shubiri anayosuka hatapata mkeka wa kulalia. Rasimu ndiyo ukili wako.

Mbinu chache za kuuzuia mkono usirudi nyuma:

Neno likikukimbia, andika XX uendelee. "Kondakta alining'inia kwenye XX ya mlango." Baadaye ukitafuta XX kwenye kompyuta au simu utayapata mapengo yote kwa mara moja, kwa sababu hakuna neno la Kiswahili lenye herufi hiyo.

Ukibadili mawazo njiani, kwa mfano ukaona kondakta afaa awe mwanamke, usirudi mwanzo kubadilisha. Andika kwenye mstari wake: "kuanzia hapa ni mwanamke", kisha songa naye akiwa mwanamke. Huko nyuma utapashughulikia siku ya kushona.

Kama kioo cha kompyuta kinakushawishi kufuta, hamia kwenye daftari na kalamu ya wino. Kama hata daftari linakutisha, usiandike kabisa: washa kinasa sauti cha simu, jisimulie hadithi kama unavyomsimulia mtu kibarazani, kisha kaa uandike unachokisikia. Nimeona mara nyingi mtu ambaye karatasi inamfunga akisimulia kisa kile kile kwa mdomo bila kukwama hata mahali pamoja. Sisi ni watu wa kusimulia, na mdomo haujajifunza kuogopa kama ulivyojifunza mkono.

Rasimu itakuwa mbaya. Itakuwa na wahusika wanaopotea, chenji isiyorudishwa na jua linalozama mara mbili jioni moja. Iache hivyo.

Hatua ya 4: Mshughulikie askari wa lugha aliyeko kichwani mwako

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo waandishi wetu wengi wanapofia.

Mwaka 1991 wanasaikolojia Paul Hewitt na Gordon Flett waliwagawa wapenda ukamilifu katika aina tatu: anayejidai ukamilifu mwenyewe, anayewadai wengine, na anayeamini kwamba wengine wanamdai yeye. Katika uandishi wa Kiswahili, aina ya tatu ina sura maalumu sana. Ni yule mtu anayeandika huku akimsikia msomaji asiyemjua akimwambia: "Hicho si Kiswahili."

Mkenya aliyepita shule ya msingi kabla ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kufanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023 anamjua askari huyo vizuri. Insha ilikuwa na alama 40, na kila mwanafunzi alijua kwamba alama huvunwa kwa methali, tashbihi na msamiati mzito. Akaingia utu uzima akiamini kwamba sentensi isiyo na pambo ni sentensi iliyofeli. Ndiyo maana hadithi zinaanza na jua linalochomoza kwa madaha na ndege wanaoimba nyimbo za kumtukuza Muumba, huku mhusika mwenyewe hajaamka hadi ukurasa wa pili. Na juu ya yote anaogopa Watanzania watamcheka. Mtanzania naye hana usalama wowote: anaogopa mwalimu wake, anaogopa mtu wa Unguja, anaogopa mtu mtandaoni atakayepuuza kisa chote na kumrekebisha ngeli. Aliyelelewa Lubumbashi au Bujumbura ndio kabisa, hujiona hana haki hata ya kuanza.

Mambo mawili yanasaidia. La kwanza ni kukumbuka umri wa huyo askari. Kamati ya lugha iliyokabidhiwa kazi ya kusanifisha Kiswahili katika Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikichukua Kiunguja kuwa msingi. Tungo za Lamu, Pate na Mombasa zilikuwa na umri mkubwa kabla ya hapo, kila moja kwa lahaja ya kwao. Hata baada ya usanifishaji, washairi wa Mombasa hawakuacha Kimvita. Abdilatif Abdalla aliyefungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 alitunga mashairi yake gerezani katika lugha ya nyumbani kwao, na hakuna anayemwambia leo kwamba angesubiri kamusi. Sisemi usanifu hauna kazi. Unatuwezesha kusomana kutoka Kigoma hadi Malindi, na nitautaka kwako katika hatua ya sita. Ila kazi yake ni ya mwisho, na wewe umeupa kiti cha mbele.

La pili ni la vitendo. Fungua ukurasa wa pembeni, uupe jina "Mashaka". Kila unapopata shaka ya lugha ukiwa unaandika (ni "ya" au "la"? "hawakuwa wamefika" au "walikuwa hawajafika"?), andika shaka hiyo kwa maneno matatu kisha urudi kwenye hadithi. Usifungue kamusi. Siku ya marekebisho utakaa na ukurasa huo na kamusi kwa pamoja, na mara nyingi utakuta nusu ya mashaka yalikuwa ya bure, kwa kuwa ulichoandika kilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kuhusu mazungumzo ya wahusika, kondakta aseme kama kondakta. "Suka, shusha hapo kwa Azizi Ally" ni Kiswahili kizuri kuliko "Dereva, tafadhali simamisha gari katika kituo kinachofuata", kwa sababu ya kwanza imesemwa na mtu.

Hatua ya 5: Ifungie

Rasimu ikifika mwisho, iweke mbali kwa wiki moja. Usiisome, usimpe mtu. Kama una hadithi nyingine kichwani, iandikie karatasi yake ya masharti katika muda huo.

Hatua ya 6: Pitia mara tatu, kila mara jambo moja

Mpenda ukamilifu huharibikiwa hapa kwa kutaka kurekebisha kila kitu kwa pamoja. Anabadili mwisho wa kisa na alama ya mkato ndani ya dakika moja, akichoka hajui amefanya nini. Gawa kazi.

Mara ya kwanza ni kisa tu. Chukua karatasi ya masharti, weka tiki au alama ya kosa kwa kila sharti. Mwenye pochi amejulikana kabla ya nusu? Kondakta ameamua? Hukai kuchagua maneno hapa, unakata na kuhamisha. Sehemu iliyoandikwa kwa uzuri lakini haihudumii sharti lolote, iondoe uihifadhi kwenye faili jingine. Ukijiambia utaitumia siku nyingine, mkasi unakuwa mwepesi.

Mara ya pili ni sentensi, na hii ifanye kwa sauti. Soma hadithi nzima ukiisikia. Ulimi unapokwama, piga mstari. Hasa angalia maneno yaliyotoka maofisini na kwenye taarifa za habari yakaja kukaa ndani ya hadithi: "kitendo cha", "suala la", "zoezi la", "hali iliyopelekea". Nimekutana na sentensi kama hii: "Kitendo cha kondakta kuchelewa kurudisha chenji kilipelekea abiria kuanza zoezi la kulalamika." Iandike hivi: "Kondakta alichelewa kurudisha chenji, abiria wakaanza kulalamika." Hapo hapo ondoa mapambo ya insha. Ukiacha methali moja katika hadithi nzima, iwe kinywani mwa mtu mwenye sababu ya kuisema.

Mara ya tatu ni tahajia na sarufi. Sasa askari wa lugha anaruhusiwa kuingia. Fungua ukurasa wa Mashaka, fungua kamusi, tafuta XX zote. Tenganisha "kwa sababu" uliyoiandika neno moja, rudisha "h" zilizodondoka kwenye "hapo" na "hakuna", kagua "l" na "r" kama lahaja yako inazichanganya. Kazi hii ina mwisho: ukurasa wa Mashaka ukiisha, imekwisha. Ukiwa na rafiki mwenye jicho kali, mpe yeye sehemu hii. Jicho la mwandishi husoma alichokusudia, halioni alichoandika.

Hakuna mara ya nne. Utaitamani sana.

Na niseme hapa kwamba vipo vitu ambavyo havisamehewi na vinahitaji ukali wote ulio nao: majina ya mahali, tarehe za mambo ya kweli, nukuu, na mkataba wowote utakaotiwa saini. Ukali wako upeleke huko. Kivumishi hakijawahi kumpeleka mtu mahakamani.

Hatua ya 7: Itoe kwa siku uliyoandika

Utajuaje kwamba umepita mahali pa kusimama? Dalili ni rahisi: unarudisha alama ya mkato uliyoiondoa jana. Au mabadiliko yako yanaifanya hadithi iwe tofauti na ukiulizwa kama imekuwa bora huna jibu. Au unaanza kuchukia sehemu ambayo rafiki yako aliipenda. Ukiiona mojawapo, funga faili.

Siku ya mwisho uliyojiwekea mwenyewe ni rahisi kuisogeza, kwa hiyo tafuta ya mtu mwingine. Waandishi wa riwaya za mfululizo kwenye magazeti wamefundishwa na ukurasa unaosubiri kila wiki: sehemu ya kumi inatoka ikiwa imekamilika au haijakamilika, na sehemu ya kumi na moja inarekebisha palipolegea. Wanaoandika leo kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook wana jambo lile lile, pengine kwa ukali zaidi, kwa sababu msomaji anauliza "inaendelea lini?" kabla wino haujakauka. Kama hujawahi kumaliza kitu, andika mfululizo mfupi wa sehemu tano kwa kundi la watu kumi unaowajua. Hutapata nafasi ya kusugua.

Mashindano nayo ni siku ya mwisho isiyobembelezeka. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, hupokea miswada ya Kiswahili. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Hafla yake ya kwanza ilifanyika Aprili 2023. Soma masharti yao ya mwaka husika, unakili idadi ya maneno na tarehe kwenye karatasi yako, na uyafanye ndiyo mizani. Kushinda ni jambo jingine. Unachokifuata ni ile tarehe.

Kama huna pa kupeleka, mpelekee yule msomaji wa hatua ya pili. Mpe nakala, usimpe maelezo. Sentensi zinazoanza na "samahani, bado sijai..." zimepigwa marufuku. Muulize maswali mawili tu: ulichoka wapi, na ulitaka kujua nini ambacho hukuambiwa?

Baada ya kuitoa

Siku mbili za kwanza utakuwa na hamu ya kuifungua tena. Mpe mtu mwingine simu, nenda sokoni, fanya lolote. Kama hali hii ya kutoridhika inakunyima usingizi, inakuharibia kazi nyingine au inakufanya ujidharau kwa mambo yasiyohusu uandishi, hilo limezidi uwezo wa mwongozo wa kuandika hadithi. Zungumza na mshauri nasaha au daktari.

Maoni yakija, yachambue kama mhasibu. Tusi halina safu. Sifa nazo hazina, ingawa ni halali kuzisoma mara mbili. Marekebisho ya ngeli yapeleke kwenye ukurasa wa Mashaka. Lalamiko linalorudiwa na watu wawili wasiojuana, kwa mfano kwamba hawakuelewa kwa nini kondakta hakuirudisha pochi mapema, liandike kuwa sharti kwenye karatasi ya hadithi inayofuata. Ile iliyokwisha kutoka usiiguse, isipokuwa kuna jina la mtu lililokosewa, au mhariri anayelipa ameomba.